Deni ni la mzazi, kiti ni cha mtoto

Mtajie mzazi yeyote nchini Kenya "elimu ya msingi" na atakachofikiria ni shule ya msingi, yaani Gredi ya 1 hadi ya 6. Sheria haifikirii hivyo. Katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, maneno hayo yamebeba chekechea, shule ya msingi na sekondari yote mpaka mwisho wake. Kwa mfumo wa sasa wa 2-6-3-3 hiyo ni miaka 14: miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi na mitatu ya sekondari pevu. Kwa hiyo Ibara ya 53(1)(b) ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, inamfuata mtoto mpaka Gredi ya 12. Naanzia hapa kwa sababu wazazi wengi huacha kudai pindi mtoto anapoingia sekondari, wakiamini haki imeishia langoni.

Neno la pili linalotatiza ni hilo "bure". Kifungu cha 29 cha Sheria hiyo kinakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Kisha kinaruhusu malipo mengine, lakini kwa masharti. Lazima Waziri wa Elimu awe ameyaidhinisha baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata yakiwa yameidhinishwa, hakuna mtoto anayeweza kukataliwa kuhudhuria shule kwa sababu hayajalipwa. Na anayepokea senti yoyote ni sharti atoe risiti rasmi.

Kwa lugha ya nyumbani, deni ni la mzazi na kiti ni cha mtoto. Shule inaweza kumdai mzazi, kumwita ofisini, kuandikiana naye namna ya kulipa kidogo kidogo. Haiwezi kumtoa mtoto darasani ili mzazi aone aibu. Ukishika tofauti hiyo moja, karibu kila mgogoro wa karo katika shule ya umma unaanza kueleweka.

Lawama zote lakini zisimwangukie mwalimu mkuu. Elimu ya shule ya msingi bila malipo ilirudi Januari 2003 chini ya Rais Mwai Kibaki, na ya sekondari ya kutwa ikafuata 2008. Tangu hapo shule huendeshwa kwa mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi. Viwango rasmi ni shilingi 1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari msingi na 22,244 katika sekondari ya kutwa. Fedha hizo zinapaswa kufika kwa mafungu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili, 20 muhula wa tatu. Chukua shule ya msingi yenye watoto 300. Mgao wake wa mwaka mzima ni shilingi 426,000, na muhula wa tatu ni 85,200 tu. Humo mna umeme, maji, chaki, karatasi za mitihani na mlango uliong'oka. Tena fedha zikichelewa wiki sita, muhula umefika katikati na muuza makaa ya jikoni anadai. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba kwa sekondari serikali inamudu takriban shilingi 16,900 kwa mwanafunzi, si 22,244. Pengo hilo ndilo linalozaa "pesa za motisha", "pesa za ukarabati", "pesa za karatasi". Namwelewa mwalimu mkuu anayehangaika nalo. Lakini pengo la serikali haliwezi kuzibwa kwa kumfungia mtoto nje, na mwalimu mkuu anayejua sheria analijua hilo.

Sasa tuje kwenye malipo yenyewe, kwa maana hapa ndipo wazazi hukosea zaidi. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba "wazazi walikubaliana mkutanoni". Mkutano wa wazazi unaweza kupendekeza. Hauwezi kuidhinisha. Hata kama mikono yote iliinuliwa na kumbukumbu zikatiwa sahihi, malipo hayo bado yanahitaji idhini ya Waziri. Kwa hiyo swali la kuuliza si "nani alikubali?" bali "barua ya idhini iko wapi, ni ya tarehe gani, na inataja kiasi gani?" Ikiwa idhini inasema shilingi 600 kwa muhula na shule inataka 1,000, zile 400 hazina msingi. Ikiwa hakuna barua, yote hayana msingi. Mzazi akipenda kuchangia kwa hiari ni sawa, ila mchango wa hiari hauwekewi tarehe ya mwisho, wala mtoto hatumwi nyumbani kuufuata.

Angalia pia fedha zinakoingia. Malipo halali huingia kwenye akaunti ya benki ya shule au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la shule. Ukiambiwa utume kwa simu ya mwalimu wa darasa, omba maelekezo hayo kwa maandishi. Ujumbe wa simu wa kuthibitisha muamala si risiti ya shule. Unaonyesha tu kwamba pesa zimetoka kwako. Mwisho wa mwaka, mwalimu yule akihamishwa, shule itasema haikupokea kitu, na itakuwa inasema kweli.

Kuhusu vitabu, tangu 2018 Wizara hununua vitabu vya kiada na kuvifikisha moja kwa moja katika shule za umma. Mzazi wa shule ya umma anayepewa orodha ya vitabu vya kununua aulize kwanza shule ilipokea vingapi.

Tuseme mtoto ametumwa nyumbani. Siku hiyo hiyo, si baada ya wiki mbili, mrudishe shuleni ukiwa naye. Usiende peke yako na kumwacha nyumbani, maana ukifika peke yako mazungumzo yatakuwa ya pesa. Mkifika wawili, swali la kwanza linakuwa kiti. Nenda na barua fupi, nakala mbili. Barua ndefu yenye malalamiko ya miaka mitatu haisaidii. Itasomwa juu juu na kuwekwa kando. Mfano wa inayotosha:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Leo tarehe 14 Februari mtoto wangu wa Gredi ya 8 alitumwa nyumbani kwa sababu ya shilingi 2,500 za ukarabati. Kwa mujibu wa Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, naomba arudi darasani leo. Naomba pia nakala ya idhini ya Waziri kuhusu malipo haya. Ikiwa idhini ipo, nitalipa shilingi 500 kila mwezi kwa miezi mitano kuanzia mwezi ujao. Nakala kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo."

Barua hiyo inatenganisha mambo matatu ambayo shule hupenda kuyachanganya: mtoto arudi sasa, uhalali wa malipo uonyeshwe, na deni likiwa halali litalipwa hivi. Kipengele cha kulipa kidogo kidogo kina uzito wake. Kinamwonyesha kila atakayesoma baadaye kwamba hukukataa kulipa, na kinamwondolea mwalimu mkuu hofu kwamba akikuruhusu wewe basi kila mtu ataacha kulipa. Karani agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako na kuandika tarehe. Akikataa, itume kwa barua pepe ya shule au mpigie simu mwakilishi wa wazazi wa darasa hilo awe shahidi. Bila nakala yenye tarehe, kila ofisi utakayofika itaanza upya.

Mwalimu mkuu akishikilia msimamo, ofisi inayofuata ni ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo. Watu wengi huiruka na kukimbilia redioni au kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nashauri kinyume. Mkurugenzi huyo anaweza kuinua simu na jambo likaisha kabla ya chakula cha mchana, lakini shule ikishatangazwa hadharani huanza kutetea jina lake, na mtoto ndiye anayebaki uani akisubiri. Akishindwa yeye, peleka malalamiko kwa maandishi kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Uamuzi wa Bodi usiporidhisha, kuna Baraza la Rufaa za Elimu lililoundwa chini ya Kifungu cha 93.

Tofautisha hapo kosa la fedha na kosa la mwalimu. Malipo haramu na kufukuzwa ni suala la Wizara na Bodi. Mtoto akichapwa au kudhalilishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya deni, hilo ni kosa chini ya Kifungu cha 36, na anayesimamia nidhamu ya walimu ni Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Ukipeleka la TSC kwa Bodi, au la Bodi kwa TSC, utazungushwa mwezi mzima. Kwa dharura inayohusu usalama wa mtoto, simu ya watoto 116 haitozwi chochote.

Kuna chombo ambacho wazazi hawakitumii vya kutosha: Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotokana na Ibara ya 35 ya Katiba. Shule ya umma ni taasisi ya umma. Mwananchi akiiandikia kuomba kujua imepokea mgao wa kiasi gani muhula huu na malipo gani yameidhinishwa, inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, hupokea malalamiko bila malipo. Uliza jambo moja mahususi, kwa muhula mmoja. Ukiomba "hesabu zote za shule", umewapa sababu ya kuchelewa.

Na ikifika kortini, Ibara ya 22 ya Katiba inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki iliyo katika Sheria ya Haki (Bill of Rights), sehemu ya Katiba inayoorodhesha haki za kila mtu, na mtu anaweza kufungua kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea. Mawakili wana gharama zao, hilo ni kweli. Ila mlango wenyewe hautozi kiingilio.

Shule za bweni zina ubishi wake. Gharama za malazi si karo ya masomo, na Wizara imeziwekea kikomo: shilingi 53,554 kwa mwaka katika kundi la juu la shule za kitaifa na zile zinazopokea wanafunzi wa kaunti nyingine (extra-county), 40,535 katika kundi linalofuata. Shule ikitoza zaidi ya kikomo bila idhini, ile ziada iulizwe vilevile kama malipo mengine. Kifungu cha 29 hakisemi kwamba ulinzi wake ni wa wanafunzi wa kutwa pekee. Lakini nitakuwa muwazi: mzazi ambaye hawezi kabisa gharama za bweni, na ana shule ya kutwa karibu, atamtumikia mtoto vizuri zaidi kwa kuomba uhamisho mapema, muhula wa kwanza, kuliko kukaa na deni linalokua mpaka mwaka wa mtihani. Basari nayo iombwe mapema. Hundi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ikichelewa, barua ya kuonyesha kwamba mtoto amepewa basari ipelekwe shuleni mara tu inapotoka, ili iwekwe kwenye faili yake.

Yote haya yana maana tu ikiwa mtoto yumo kwenye rejista. Mgao wa serikali hufuata wanafunzi waliosajiliwa katika mfumo wa kompyuta wa Wizara, uliokuwa NEMIS na sasa unabadilishwa kuwa KEMIS, na usajili huo huanza na cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anakaa darasani lakini kwenye hesabu za Nairobi hayupo. Watoto kumi wa namna hiyo huipotezea shule ya msingi shilingi 14,200 kwa mwaka, sekondari msingi 150,420, na sekondari ya kutwa 222,440. Ukiona mwalimu mkuu anasitasita kumpokea mtoto asiye na cheti, mara nyingi hiyo ndiyo hesabu anayoipiga kimyakimya.

Dawa ni kuanza usajili wa kuchelewa bila kusubiri Gredi ya 6, wakati namba za mtihani zinatakiwa na foleni zimejaa. Mtoto asiposajiliwa ndani ya miezi sita tangu kuzaliwa huhesabiwa kuwa amechelewa, na karatasi zinazohitajika huongezeka: vitambulisho vya wazazi, kadi ya kliniki au ya chanjo, barua ya shule au kadi ya ubatizo, na uthibitisho wa chifu. Aliyezaliwa nyumbani, naibu wa chifu wa kata ndogo ndiye wa kuanza naye. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Kadi ya kliniki inasema hivi, shule imeandika vile, kitambulisho cha mama kina jina la kabla ya ndoa. Amueni tahajia moja kabla ya kujaza fomu, kisha shule irekebishe rejista yake ifuate cheti. Wakati huo wote mtoto awe darasani. Shule ikiwa na barua ya chifu inayoonyesha kwamba maombi yameshawasilishwa, ina kitu cha kuweka kwenye faili, na wewe una jibu.

Uhamisho una mtego wa aina hiyo hiyo. Barua ya kuhama pekee haitoshi. Shule anayotoka lazima imwachilie kwenye mfumo ndipo nyingine impokee. Shule yenye kinyongo cha deni huweza kutoa barua na kusahau kumwachilia, na kosa hilo hugunduliwa wakati wa kusajili watahiniwa. Rudi baada ya wiki mbili uombe shule mpya ikuonyeshe jina lake kwenye skrini.

Kuna njia nyingine za kumtoa mtoto shuleni ambazo hazigusi pesa. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza shule ya umma kumfanyia mtoto mtihani wa kumchuja ili imkubali. Mtihani wa kujua aingie darasa gani unaruhusiwa. Kifungu cha 35 kinakataza kumrudisha mtoto darasa, na bado kuna shule zinazowarudisha wenye alama za chini kabla ya mwaka wa mtihani ili wastani upande. Msichana aliyepata mimba ana haki ya kuendelea kukaa darasani na kurudi baada ya kujifungua. Mwongozo wa Wizara wa 2020 umelieleza hilo, kwa hiyo mwalimu mkuu anayetaka "kulinda sifa ya shule" hana pa kusimama. Mtoto mwenye ulemavu apelekwe kwanza kituo cha tathmini cha EARC kilicho karibu. Ripoti yake ndiyo inayofungua shule inayomfaa na mgao wa nyongeza. Wazazi wengi hungoja mpaka mtoto afikishe miaka minane au tisa, na hiyo ni miaka iliyopotea bure.

Chekechea ina njia yake: Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi serikali ya kaunti. Malalamiko ya malipo ya huko yapelekwe kwa idara ya elimu ya kaunti.

Sheria ina upande wa mzazi pia. Kifungu cha 30 kinamtaka ahakikishe mtoto anahudhuria, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kabla ya polisi kuna Kifungu cha 40. Mtoto akikosa kufika, mwalimu mkuu anatakiwa kuchunguza sababu. Asipoona sababu ya msingi ndipo amwandikie mzazi notisi na kupeleka ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hatua hiyo ya uchunguzi hurukwa sana. Chifu huanza kwa vitisho mtoto akiwa nyumbani kwa sababu hana viatu, au mama yuko hospitalini na kuna mdogo wa kulea. Mzazi aliyekwama na aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu aeleze, na maelezo hayo yaandikwe.

Mlolongo huu huishia kwenye cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Shule nyingi zina kabati lililojaa vyeti vya watu wazima waliomaliza na deni. Sheria ya Baraza la Mitihani, KNEC, ya 2012 iko wazi katika Kifungu cha 10(1)(b): cheti kisizuiwe na mtu wala taasisi yoyote. Maneno "taasisi yoyote" yanazibana shule za kibinafsi pia, ingawa Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinahusu za umma tu. Mwenye cheti aende mwenyewe na kitambulisho chake, akiwa na barua yenye kutaja kifungu hicho, mwaka wa mtihani na namba yake ya mtahiniwa. Akikataliwa, aombe kukataliwa huko kuandikwe, kisha apeleke nakala kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo na Tume ya Haki ya Utawala. Akipewa, asitie sahihi kwenye kitabu cha kuchukulia vyeti kabla ya kulinganisha jina lililo juu ya cheti na kitambulisho, herufi kwa herufi, akiwa bado pale ofisini.